Viatu vya Ghorofa ya Tatu

Habari ya kifo cha Sesilia niliipata kwenye kundi la simu la wafanyakazi wa zamani wa hoteli, kundi ambalo kwa muda mrefu halikuwa na kitu zaidi ya salamu za Idi na za Krismasi. Mtu aliandika kwamba dada Sesi wa mapokezi ametutoka, mazishi kesho nyumbani kwao Kongwa, na chini yake watu wakaanza kupanga mistari ya pole. Nilikuwa jikoni nikisubiri chai ichemke, na wazo la kwanza lililonijia, naona aibu kuliandika, halikumhusu Sesilia. Niliwaza: sasa, ukimwacha meneja wetu wa zamani, nimebaki peke yangu ninayejua. Halafu nikawaza kwamba mtu anayepokea msiba kwa namna hiyo ana kasoro, halafu nikaanza kuichunguza hiyo kasoro, ilianza lini na kwa nini, mpaka chai ikafurika ikazima jiko. Ndivyo nilivyokuwa mwaka ule ninaotaka kuueleza, na miaka saba haijanibadilisha sana.

Jambo lenyewe ni hili. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi niliandika taarifa ya kurasa tisa, na taarifa hiyo ikamtoa kazini mwanamke niliyekusudia kumsaidia. Sesilia alijua kwamba niliyeandika ni mimi. Mwanamke mwenyewe hakujua.

Sitaeleza nilikotoka wala nani alinisomesha. Hao hawana kosa lolote hapa. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, nina shahada ya mambo ya hoteli na utalii, na nilikuwa nimeandika barua nyingi za maombi ya kazi ambazo hazikujibiwa, hivi kwamba ilipojibiwa moja nilidhani wamekosea mtu. Hoteli ilikuwa ya ghorofa nne, rangi ya maziwa, kando ya barabara iendayo Ihumwa, mahali ambapo upepo wa kiangazi unapita bila kizuizi na kuleta vumbi jekundu mpaka ndani ya bakuli la sukari. Wageni wetu hawakuwa watalii. Walikuwa watumishi wa wilayani waliokuja wizarani kufuatilia mafaili, madiwani wa Chemba waliokuja kwenye semina, walimu wastaafu waliokuja kuulizia mafao yao, makandarasi wenye simu mbili mbili. Cheo changu kiliandikwa Afisa Ubora wa Huduma. Ofisi yangu ilikuwa nusu ya chumba cha kufulia: meza moja, kiti kimoja, na nyuma yangu mashuka yakipanda na kushuka kama milima inayohama. Kwa sababu ya mashuka hayo, hakuna aliyeingia mle na viatu. Tulivivua mlangoni, tukakanyaga sakafu yenye unyevu kwa miguu mitupu, na jioni tukavivaa tukaenda zetu.

Meneja, Bwana Festo, alikuwa mtu wa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linatisha. Siku ya kwanza alinipeleka dirishani akanionyesha hoteli ya ng'ambo ya barabara.

"Unaiona ile? Magodoro yao na yangu yametoka duka moja. Rangi ya ukuta ni ileile. Mayai wananunua kwa mama yuleyule. Sasa niambie, kwa nini mgeni akilala kule anasifia, akilala kwangu anasema 'si mbaya'?"

"Nitafanya utafiti, bosi."

"Fanya haraka. Wakaguzi wa nyota wanakuja kabla mwaka haujaisha. Nikipata nyota tatu, wewe unabaki. Nisipopata, tutaangalia."

Hilo "tutaangalia" nililibeba kifuani kwa miezi kumi na mbili.

Nilianza na fomu za maoni. Zilikuwa zimejaa kwenye boksi la karatasi za chooni, miaka miwili nzima, hazijasomwa na mtu. Fomu iliuliza kuhusu mapokezi, chumba, chakula na usafi, na mgeni alitakiwa kuweka alama kisha kuandika maoni. Nilizisoma zote, moja moja, kwa wiki tatu, na sijawahi kukasirishwa na karatasi namna ile. Watu walikuwa wameandika "Nzuri." Wameandika "Wastani." Wameandika "Mungu awabariki." Mmoja aliandika "Maji," basi, neno moja, na nilikaa na neno hilo siku nzima nikijiuliza kama maji yalikuwa mengi, machache, ya chumvi, ya baridi, au kama mtu alikuwa anaomba ya kunywa. Nikatengeneza fomu mpya yenye maswali ishirini na mbili. Wageni wakaanza kuiacha tupu, au kuifutia kalamu, au kufungia maganda ya karanga. Nikaipunguza yakabaki maswali kumi. Nikaenda kulala kwenye kila kitanda mchana kuona kama kinalia. Nikanusa mapazia. Nikasimama na saa mapokezi nikipima mgeni anasubiri muda gani kabla ya kupewa ufunguo, mpaka Sesilia akaniuliza kama nimetumwa na polisi. Kila nilichokiona nilimpelekea Bwana Festo, naye kila wiki alirudi na jibu lake mwenyewe: maua ya plastiki, televisheni kubwa zaidi sebuleni, zulia jekundu ambalo ndani ya siku mbili lilikuwa na rangi ileile ya uwanja wa nje. "Mgeni anakula kwa macho," alikuwa anasema. Mimi nilikuwa nasikiliza wageni wakila kwa midomo. Nilikuwa na tabia ya kukaa kwenye meza ya kona wakati wa kifungua kinywa, nikijifanya nahesabu vijiko, na asubuhi moja niliwasikia wazee wawili, watu wa semina.

"Hapa mayai yao matamu, bwana. Sijui wanayafanyaje."

"Matamu yapi? Mimi hili nalitafuna kama kifutio."

"Wewe umezoea kulalamika."

"Silalamiki. Yai ni baya. Na chai ina chumvi."

"Chai mimi naiona nzuri tu. Umelala chumba kipi wewe?"

"Mia mbili na nne."

"Mimi niko mia tatu na saba. Omba wakuhamishe."

Mayai yao yalikuwa yametoka kikaango kimoja. Niliona kwa macho yangu.

Nilirudi kwenye chumba cha kufulia nikazipanga fomu upya, safari hii kwa ghorofa. Ilinichukua siku nne na ikanigharimu usingizi wa siku hizo nne. Magodoro yale yale, mapazia yale yale, maji yale yale ya kisima yenye chumvi inayofanya taulo iwe ngumu kama ubao. Lakini watu wa ghorofa ya tatu waliandika kwamba chakula ni kitamu, mapokezi ni mazuri, hata kwamba kuna utulivu, ingawa jenereta lilikuwa chini ya madirisha yao. Waliandika maneno mengi kuliko wengine. Mwalimu mmoja mstaafu alijaza nyuma ya karatasi. Na karibu nusu yao walitumia neno moja kwa namna tofauti: nimetunzwa, mnatunza watu, hapa mtu anatunzwa. Hakuna aliyesema ametunzwa kwa kitu gani.

Ghorofa ya tatu ilikuwa ya Mama Rajabu. Alikuwa mwanamke wa Kondoa, wa makamo, mrefu, mwenye kutembea bila sauti, na alikuwa amefanya kazi pale tangu hoteli ifunguliwe, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Kila ilipoisha miezi mitatu alisubiri kuitwa ofisini kusaini tena, na wiki hiyo ya kusubiri alikuwa hali chakula vizuri. Alitaka kitu kimoja, ajira ya kudumu, na hakukificha. "Nikipata ile karatasi," alisema, "naezeka bati nyumba ya Rajabu, kisha mtu asinisemeshe." Mchana tulikula pamoja, yeye, mimi na Sesilia, kwenye sakafu ya chumba cha kufulia, juu ya turubai, katikati ya harufu ya sabuni na pasi. Sesilia alikuwa Mgogo wa Kongwa, mnene, mcheshi, mwenye sauti iliyofika mapokezi kabla yake. Alileta mlenda kwenye kopo, na kila siku mambo yalikuwa yaleyale.

"Mlenda wenu huu," Mama Rajabu alikuwa anasema huku anachovya tonge, "mtu anameza halafu anakaa anajiuliza kama amemeza."

"Afadhali sisi. Mboga yenu ninyi wa Kondoa mtu anadhani anatafuna mkeka."

"Basi usile."

"Nakula kwa huruma. Ukila peke yako utajisikia mpweke."

Halafu walicheka, wakanisogezea mimi fungu kubwa la dagaa, kwa sababu nilikuwa mwembamba na nilikuwa na shahada, mambo mawili ambayo waliyahesabu kama ugonjwa mmoja.

Asubuhi moja nilipanda ghorofa ya tatu saa kumi na mbili na nusu, kabla wageni hawajatoka vyumbani, nikasimama kwenye ngazi. Wageni wetu wengi waliacha viatu nje ya mlango wa chumba. Ndivyo watu wanavyoingia chumba safi. Vigae vilikuwa vyeupe, nje ni vumbi, na mtu aliyelelewa vizuri haingii na vumbi mahali anapolala. Meneja alilichukia jambo hilo. Alisema korido inaonekana kama nyumba ya kupanga, na aliagiza wahudumu wawaambie wageni waingize viatu ndani, na wabandike karatasi ya kukataza. Ghorofa nyingine walifanya hivyo. Hapa kulikuwa na viatu kila mlango, na Mama Rajabu alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango wa mia tatu na saba, kitambaa chenye maji mkononi. Alifuta kiatu, akafuta na kisigino, akakiweka chini kikiwa kimeelekea nje. Kisha cha pili, sambamba na cha kwanza. Akasogea mlango uliofuata. Alipofika mwisho wa korido, viatu vyote vilikuwa vinatazama njia, safi, kana kwamba watu wasioonekana walikuwa wamesimama milangoni tayari kuondoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenifuata huku juu, kuna nini?"

"Kwa nini unavigeuza?"

Aliniangalia kana kwamba nimeuliza kwa nini anapumua. "Mtu akitoka asubuhi ana mawazo yake. Anakwenda kuonana na mkubwa, faili lake halionekani. Sasa akifungua mlango, aanze kuzunguka, kuinama, kutafuta kiatu cha kulia kiko wapi? Anaingiza mguu tu anakwenda. Nyumbani kwa marehemu baba, mgeni akishaketi, sisi watoto ndio tulikuwa tunavigeuza. Ukisahau unachapwa."

"Na wageni wanajua ni wewe?"

"Wajue ili iweje?"

Jioni ile nilipotoka kwenye chumba cha kufulia nilisimama mlangoni. Viatu vyangu, vile vya kufungwa kwa kamba nilivyonunua kwa ajili ya usaili, vilikuwa safi, vimeelekea nje, kamba zimelegezwa. Nikajaribu kukumbuka jana vilikuwaje, na juzi. Vilikuwa hivyohivyo. Miezi mitano nilikuwa nikivivaa bila kugeuka, mimi, Afisa Ubora wa Huduma, nikinusa mapazia.

Nilimwambia Sesilia kesho yake, mapokezi, kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu cha thamani. Hakushangaa.

"Kumbe ulikuwa hujui? Wazee wengi mimi nawapeleka juu kwake. Mzee akinijia amechoka, namsalimia kwa Kigogo, mbukwenyi baba, namwambia hapa kuna chumba chako ghorofa ya tatu, hata kama ya kwanza ipo wazi. Anapanda ngazi analalamika, anashuka anacheka."

Hilo lilikuwa na maana kwamba hesabu zangu zote zimeharibika: kama wazee wapole wanapelekwa ghorofa moja, basi huenda ni upole wao unaoandika, si viatu. Nilianza kumweleza. Alininyamazisha kwa kiganja.

"Tumaini, unataka kufanya nini na hili jambo?"

"Nataka niliandike. Bosi akiona hivi, atampa ajira. Atawafundisha wengine."

"Usiliandike."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unamjua Festo. Wewe utaandika 'anatunza wageni', yeye atasoma 'viatu vipo kwenye korido'. Waache watu wafanye kazi."

Nililifikiria onyo lile kwa siku kumi. Niliandika sababu za kuandika upande mmoja wa karatasi na za kutoandika upande wa pili. Leo naona kilichoshinda hakikuwa kwenye karatasi hiyo. Nilikuwa nimepata jibu. Tangu siku ya kwanza nilikuwa nimeulizwa swali moja, na jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa zuri: kwamba mgeni hapimi hoteli kitu kimoja kimoja kama inavyodhani fomu, kwamba akishaona mahali pamoja kuwa kuna mtu aliyemfikiria kabla yeye hajasema, basi yai linakuwa tamu na chumvi ya chai inasahaulika, na kwamba asipoliona hilo, zulia halimsaidii. Nilitaka mtu asome hayo na ajue kwamba ni mimi niliyeyaona. Niliandika kurasa tisa. Ukurasa wa saba nilimtaja Mama Rajabu kwa jina lake kamili, nikaeleza afanyacho hatua kwa hatua, nikapendekeza apewe ajira ya kudumu.

Bwana Festo alinirudishia siku iliyofuata. Ukurasa wa saba tu ndio uliokuwa na alama za kalamu nyekundu.

"Anashika mali za wageni," alisema.

"Anazifuta, bosi. Wageni wanapenda. Ukisoma ukurasa wa tatu—"

"Kanuni ya kumi na moja inasemaje? Mhudumu hatagusa mali ya mgeni. Kiatu kikipotea nitamjibu nini mwenye kiatu, kwamba tulikuwa tunamtunza? Na ina maana korido yangu ya tatu ina viatu mwaka mzima, mimi nimefichwa. Wakaguzi wanakuja mwezi ujao, Tumaini. Nakushukuru. Umenisaidia sana."

Ile shukrani ndiyo iliyonifunga mdomo. Mtu akikushukuru kwa kosa, unaanza kutafuta mahali pa kuanzia kukataa, na mimi mahali pa kuanzia sikupaona haraka.

Ijumaa alitukusanya wote kwenye ukumbi wa chakula. Alisema mkataba wa Mama Rajabu hautaendelea, kwa kukiuka kanuni, na kwamba amepata taarifa kutoka ndani, kwa mfanyakazi mwenzetu anayeipenda hoteli. Hakutaja jina. Nadhani alidhani ananilinda. Lakini asubuhi ileile Sesilia alikuwa ameitwa ofisini, kuhusu likizo yake, na kila mtu alikuwa amemwona akiingia na kutoka, na kila mtu alijua kwamba ndiye aliyekuwa anawapandisha wageni ghorofa ya tatu. Vichwa vikageuka taratibu. Kichwa cha Mama Rajabu kiligeuka mwisho. Alimwangalia Sesilia kwa muda, bila hasira, kama mtu anayesoma bango kujua kama basi lake limeshapita. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Sesilia. Nilikuwa nimeshapanga sentensi. Nilikuwa nachagua kati ya kuanza na "Samahani, bosi" na kuanza na "Mama Rajabu, ni mimi," nikapima ipi haitaonekana kama najitafutia sifa, nikawaza mkataba wangu, nikawaza kwamba kuwaza mkataba wangu wakati ule ni uoga, nikaanza kujichukia kwa uoga. Viti vikasogezwa. Watu walikuwa wanatoka.

Mama Rajabu alichukua kanga yake na kopo lake la chakula akaondoka kabla ya mchana. Sesilia alikula peke yake siku hiyo, mgongo umeelekea ukutani, mlenda wake haukuchekwa na mtu. Nilimwendea.

"Dada Sesi, nitamwambia. Naapa."

"Mwambie."

"Au wewe umpigie, umweleze kwamba si wewe, kwamba ni mimi, lakini sikukusudia..."

"Nimempigia. Hapokei. Na hata akipokea sitakutaja." Alifunika kopo. "Nikishasema 'si mimi, ni yule', nimekuwa yuleyule anayenidhania. Una mdomo, Tumaini. Mwambie mwenyewe."

Hakurudia tena kuniambia, na hakunitenga. Hilo lilinitesa zaidi. Alinisalimia kila asubuhi mpaka mkataba wangu ulipoisha.

Bwana Festo hakuwa mjinga kabisa. Alisoma kurasa nyingine baadaye. Aliagiza vikabati vya viatu, kimoja kila mlango, vya bati lililopakwa rangi nyeusi, vimeandikwa "Viatu" kwa herufi za dhahabu. Wageni walivipita wakaingia na viatu vyao ndani. Wengine waliweka humo chupa za maji. Kwenye ghorofa ya tatu yai likawa baya kama la ghorofa nyingine. Fomu zikarudi kuwa "Nzuri" na "Wastani." Wakaguzi walikuja wakatembea kwenye korido iliyo wazi kama ya hospitali, wakatupa nyota mbili. Mimi nikaambiwa tutaangalia, na tukaangalia, na nikaondoka. Namba ya Mama Rajabu nilikuwa nayo wakati wote. Niliandika ujumbe mara nyingi, mrefu, wenye maelezo ya mazingira, na kila mara niliuhifadhi ili niusome kesho kwa macho mapya. Macho mapya hayakuja kwa miaka saba.

Kongwa nilifika saa tano. Nyumbani kwao Sesilia wanaume walikuwa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, wanawake ndani kwenye mikeka, na mlangoni viatu vilikuwa rundo, ndala juu ya makobazi, cha kushoto cha huyu na cha kulia cha yule. Nilivua vyangu, vya kamba, maana mpaka leo navaa vya kamba. Nilimpa mama mzazi pole, nikatafuta mahali pa kukaa, na mtu akanishika mkono akanivuta chini karibu yake. Alikuwa Mama Rajabu. Uso ulikuwa umekonda, mkono ulikuwa uleule.

"Bado na vile viatu vyako vya kufungwa," alisema kwa sauti ya chini. "Vya kwenda kuomba kazi."

"Shikamoo, mama. Umetoka Kondoa?"

"Jana. Kuzika ni kuzika." Alinisogezea ungo wa mchele, tukaanza kuchambua pamoja, yeye upande wake, mimi wangu. Alisema, bila kuinua macho, "Tulikula sahani moja miaka minne, mimi na huyu. Halafu akaniuza kwa Festo. Mpaka leo sijui nilimkosea nini. Siku zote nilisema nitamuuliza, sasa naona nimechelewa."

Nilisubiri ile hesabu ya kichwani ianze, faida na hasara. Ilianza. Niliiacha iendelee huko, nikafungua mdomo.

"Hakukuuza. Ile taarifa niliiandika mimi."

Kidole chake kilisimama juu ya mchele.

"Niliandika jina lako. Nilitaka wakupe ajira. Sesi alinikataza, nikaandika. Siku ya mkutano nilikuwa nyuma yake, nikanyamaza."

"Yeye alijua?"

"Alijua siku ileile."

"Na hakusema."

"Alisema niseme mwenyewe."

Mama Rajabu alitoa jiwe dogo kwenye mchele, akaliweka pembeni ya ungo. Akatoa lingine. "Alinipigia mara tatu wiki ile," alisema. "Ilipofika Ramadhani akanitumia salamu. Mwaka uliofuata tena. Nilikuwa naziangalia tu." Alimaliza upande wake wote, punje kwa punje, akaugeukia na wangu kwa sababu mimi nilikuwa nimeacha. Halafu akamimina mchele kwenye sufuria, akakung'uta kanga, akasimama. Hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi miaka saba, nina jibu kwa kila tusi. Alikwenda mlangoni akatoka, na kupitia uwazi wa pazia niliona mgongo wake umeinama kwa muda mrefu, nikadhani analia, nikaona si haki yangu kumfuata.

Walipotuita kwenda makaburini nilitoka na wanawake wengine. Rundo halikuwepo tena. Ukutani kulikuwa na mistari minne ya viatu, ndala, makobazi, raba, vya plastiki, kila pea imefutwa vumbi, kila pea imeelekea uani, na wanawake walikuwa wanaingiza miguu na kwenda bila kutazama chini. Vyangu vilikuwa pale nilipoviacha. Kimoja kilikuwa kimelala ubavu, vyote viwili vimeelekea ndani, na vumbi jekundu limejaa kwenye matundu ya kamba. Nikawapisha waliokuwa nyuma yangu. Nikageuka, nikaingiza miguu, nikainama, nikaanza kuvifunga.